Dashibodi Inasema Kampala, Wimbo Uko Bwera

Kijana mmoja wa Kasese, magharibi mwa Uganda, aliniwekea simu yake mezani akaniomba nimsomee. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai kando ya stendi ya bodaboda, jioni, watu wakitoka sokoni. Kwenye kioo ilikuwapo dashibodi, yaani ukurasa wa takwimu za msanii, ya jukwaa moja la muziki, na wasikilizaji wake wa siku 28 zilizopita walikuwa wamepangwa kwa miji. Kampala ilikuwa juu kabisa, imeiacha mbali miji mingine. Ikafuata Nairobi. Ya tatu ilikuwa Amsterdam. Kasese haikuonekana popote.

"Mzee, Amsterdam kuna nani wangu?" akauliza.

Kabla sijamjibu, boda ikapita na spika iliyofungwa chini ya usukani, ikipiga wimbo uleule tuliokuwa tunautazama, ubeti wa pili, ule wa Kikonzo, lugha ya huko Kasese. Dereva alikuwa akiuimba neno kwa neno, na abiria wake pia. Hao wawili hawakuwemo kwenye ile orodha wala hawataingia, kwa sababu wimbo wao ulitoka kwenye memori kadi.

Siku hizi warsha za wasanii hapa Uganda hazikosi mtu wa kusimama na projekta na kusema kwamba msanii asiyesoma takwimu zake anatembea gizani. Nakubaliana naye nusu. Anayezisoma bila kujua zimepatikanaje naye yumo gizani, ila ana tochi inayomulika kona moja na anadhani ameona chumba kizima. Takwimu za majukwaa ni mali kwa msanii wa Uganda, tena mali kubwa kuliko hela ambazo majukwaa hayo yanamlipa. Lakini mali hiyo iko katika mambo mawili tu: nani anarudi kukusikiliza, na yuko wapi. Na hilo la pili ndilo dashibodi inalolikosea zaidi hapa kwetu.

Tuanze na hela, maana ndiko kila msanii anakoanzia akinipigia simu. Spotify iliingia Uganda Februari 2021, ilipofungua huduma katika nchi zaidi ya 80 kwa mpigo, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mwaka 2024 pekee ililipa wenye haki za muziki duniani zaidi ya dola bilioni 10. Ukiyasikia hayo ukiwa studio ya kukodi Nansana, mate yanakutoka. Lakini hela hizo hazina bei moja kwa kila wimbo unapochezwa. Zinakusanywa kwenye chungu, kisha kila mwenye haki anachota kwa kadiri ya fungu lake katika jumla ya nyimbo zilizochezwa. Chungu cha Sweden kimejaa ada nono za kila mwezi. Cha Uganda kina ada ndogo, na wasikilizaji wengi wa bure ambao wanalipiwa na matangazo. Ndiyo maana mtu mmoja wa Stockholm anaweza kukuingizia kuliko watu kadhaa wa Ntinda hapa Kampala, ingawa hao wa Ntinda ndio watakaolipa kiingilio cha shoo yako. Halafu tangu 2024 pakawekwa kizingiti: wimbo usiofikisha kuchezwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote. Kwa vijana wengi wa wilayani habari ya hela inaishia hapo.

Mimi huwaambia kwamba malipo yale ni kama bahasha. Kilichomo ndani ni kidogo, lakini nje kumeandikwa anwani.

Sasa anwani hiyo inasomwaje? Mimi sikusomea mambo ya kompyuta. Niliweka vitabu vya duka la jumla kwa miaka mingi, na hesabu ya msanii haina tofauti kubwa na ya duka: usitazame watu wangapi wamepita mlangoni, tazama wangapi wamerudi wiki iliyofuata. Tuseme wimbo wa kwanza umechezwa mara 40,000 na wasikilizaji 32,000. Wa pili umechezwa mara 9,000 na wasikilizaji 1,500. Msanii atapiga picha ya ule wa kwanza na kuitupia WhatsApp. Lakini gawanya. Wa kwanza, kila mtu ameusikia mara moja na robo, yaani ameupitia tu. Wa pili, kila mtu ameurudia mara sita. Hao 1,500 ndio wateja. Nikiwa meneja wa msanii huyo, hela ya video naiweka kwenye wimbo wa pili bila kuuliza mtu.

Wasanii hawapendi hesabu hiyo kwa sababu inapunguza sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna sifa tamu kama namba yenye sifuri nyingi.

Baada ya marudio, tazama wimbo ulifikaje sikioni. Spotify inatenganisha watu waliokutafuta wenyewe, wakaandika jina lako au wakafungua ukurasa wako, na wale waliopelekewa na pleilisti au na algoridhimu wakiwa wanapika. Kundi la pili halina ubaya, ila si lako. Ni la mwenye pleilisti. Siku akiuondoa wimbo wako namba zinaporomoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua, na hapo ndipo napokea simu za usiku: "Mzee, wamenihujumu." Hakuna aliyekuhujumu. Uliazimwa umati na mwenyewe ameuchukua. La kufanya ni kuutumia umati huo ungali upo, kwa kuangalia ni wangapi kati yao wameuhifadhi wimbo na wangapi wamebonyeza kukufuata. Wanaokufuata wana faida ya moja kwa moja: kazi yako mpya ikitoka, jukwaa linawawekea kwenye orodha yao ya nyimbo mpya ya Ijumaa. Pia kuna dirisha la kuupendekeza wimbo kwa wahariri wa pleilisti kabla haujatoka, na linataka angalau siku saba. Sijui ni mara ngapi nimeletewa wimbo Alhamisi usiku ili "utoke kesho."

Upande wa YouTube, ambako Waganda wengi wanaupata muziki kwanza, grafu ya kuitazama ni ile inayoonyesha watu wanapoondokea. Video zetu zina ugonjwa wa maigizo: dakika moja na nusu ya mtu kushuka kwenye gari, kugombana na mpenzi, kupiga simu, ndipo gitaa lianze. Grafu inakuonyesha watu wakitoka mlangoni gitaa halijalia bado. Hapo nakubali data ifanye kazi ya mkasi.

Lakini sikubali iukate na wimbo wenyewe. Spotify huhesabu kwamba wimbo umechezwa baada ya sekunde 30, na tangu watayarishaji walijue hilo, nyimbo zinaanza na kiitikio kama mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Fikiria kadongo kamu, muziki wa Buganda wa gitaa moja na hadithi ndefu. Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, alikuwa akikuchukua polepole, kisa ndani ya kisa, na methali alikuwa akiifungua pale tu alipoona umeshakaa. Dashibodi ingemwambia apunguze. Ingekuwa sahihi kwa hesabu zake, na sisi tungekuwa tumepoteza kazi ya mtu ambaye nyimbo zake bado zinapigwa kwenye mabasi ya Masaka. Grafu inajua mtu alipoondoka. Aliyebaki akilia haimwoni.

Turudi Amsterdam.

Majukwaa hukisia uliko hasa kwa anwani ya intaneti ya simu yako. Anwani hiyo haifungwi kwenye mnara ulio jirani nawe. Inajulikana pale ambapo mtandao wa kampuni ya simu unatokea kuingia kwenye intaneti ya dunia, na kwa Uganda mara nyingi hapo ni Kampala. Kwa hiyo mtu aliyeko Hima, Arua au Kitgum, akisikiliza kwa bando la simu, anaweza kuandikwa mkazi wa Kampala ilhali hajawahi kuvuka Mto Nile wala Katonga. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutoamini orodha ya miji ya ndani ya Uganda. Kampala inameza nchi kwenye dashibodi kama inavyoimeza kwenye bajeti.

Sababu ya pili tumeitengeneza wenyewe. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na karibu usiku mmoja nchi nzima ikajifunza neno VPN, programu ya kuficha uliko kwa kukupitisha nchi nyingine. Bodaboda, mama wa rolex (chapati yetu ya mayai), mwanafunzi, kila mtu akawa nayo. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando lenyewe, lakini kabla ya hapo, Januari 2021, wiki ya uchaguzi mkuu, Facebook ilikuwa imefungwa na intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ikarudi, Facebook ikabaki nje, na VPN zikabaki kwenye simu. Anayeiwasha ili aingie Facebook hakumbuki kuizima anapofungua muziki. VPN za bure mara nyingi zinampitisha Uholanzi au Marekani. Basi kijana wangu wa Kasese anaona Amsterdam na kudhani ana mashabiki Wazungu, kumbe huenda ni binamu yake wa Kilembe.

Utajuaje basi? Kuna njia, na si ngumu. Tazama saa. Wanaosikiliza "Amsterdam" wakilala na kuamka pamoja na Kampala, unajua jibu. Tazama kama mji huo unaonekana pia kwenye Apple Music, kwenye YouTube na kwenye Shazam, ile programu ya kutambua wimbo unaousikia, au ni jukwaa moja tu. Soma maoni chini ya video, maana nayo ni data japo hayana grafu. Kijana wangu, wale wa Nairobi walikuwa wa kweli: chini ya video yake watu walikuwa wameandika kwa Sheng, na mmoja akauliza maana ya maneno ya ubeti wa pili. Wa Amsterdam hawakuacha hata alama moja ya kidole gumba.

Kuna ughaibuni wa kweli vilevile, na huo usiuchanganye na wa VPN. Waltham, mji mdogo karibu na Boston, una Waganda wengi kiasi kwamba msanii wa Kampala anaweza kupiga shoo pale na kuimbiwa kiitikio. London wapo. Dubai na miji ya Ghuba kuna maelfu ya vijana wetu waliokwenda kufanya kazi, na wanasikiliza muziki wa nyumbani kwa kiu ya mtu aliye mbali na mama yake. Ukiiona Riyadh kwenye orodha yako, tena wasikilizaji wachache wanaorudia mara nyingi, usiipuuze hata kama ni watu 60. Sitini wanaorudia wimbo wa Kiganda kule jangwani wana uzito wao.

Na wapo wasikilizaji wageni kabisa ambao msanii wa hapa hawezi kuwakisia bila namba. Otim Alpha wa Gulu alikuwa akipiga muziki wa harusi za Waacholi kwa kompyuta, kwa sababu kukodi kikundi kizima cha ngoma ni gharama. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoutoa nje, muziki huohuo ukapata wapenzi katika kumbi za dansi za Ulaya. Mtu wa namna hiyo akiona Berlin kwenye dashibodi, inawezekana ni Berlin kweli. Ndiyo maana nasema chunguza. Kudharau kila mji wa ng'ambo ni uvivu uleule wa kuamini kila mji wa ng'ambo.

Hapa niseme neno kuhusu umati usio wako, kwa sababu Uganda ina mfano mzuri kuliko nchi nyingi. Eddy Kenzo alipotoa Sitya Loss mwaka 2014, video ya watoto wa Ghetto Kids wakiicheza ilizunguka dunia, na mwaka uliofuata akabeba tuzo ya BET. Wimbo ni wa Kiluganda, na Kiluganda hakikumzuia mtu. Lakini tangu hapo nimeona wasanii wengi wakilipa vikundi vya watoto wacheze nyimbo zao, kisha wanahesabu watazamaji wa video ya watoto kana kwamba ni wao. Aliyekuja kumtazama mtoto akicheza amekuja kumtazama mtoto. Kama hakwenda kuutafuta wimbo kwenye ukurasa wako, hukumpata. Kenzo alikwenda akaifanyia kazi ile nafasi, shoo baada ya shoo, na jina lake likafika hadi kwenye orodha ya wanaowania Grammy. Wengi wengine waliishia na picha ya skrini.

Kwa upande mwingine, tazama toleo la pili la Nana ya Joshua Baraka, wimbo uliovuma mwaka 2023. Walioshirikishwa ni Joeboy wa Nigeria, King Promise wa Ghana na Bien wa Kenya. Soma majina hayo kama ramani: Lagos, Accra, Nairobi. Kila mgeni ni mlango wa soko lake, na anabisha hodi kwa niaba ya mwenyeji. Hivyo ndivyo msanii mwenye wasikilizaji wa nje anavyopaswa kutumia orodha ya miji, kuchagua mgeni wa kumwalika. Kumwalika kwa sababu ana wafuasi wengi Instagram ni kubahatisha.

Jose Chameleone alilijua hili kabla ya dashibodi yoyote. Miaka ile ya mwanzo alikwenda Nairobi, akarekodi na studio ya Ogopa, akachanganya Kiswahili kwenye nyimbo zake, na mpaka leo nyimbo zake zinapigwa Mombasa na Mwanza kama za mwenyeji. Alilipia takwimu zake kwa nauli ya basi. Kijana wa sasa anazipata bure kwenye simu, na bado anaimba kiitikio cha Kiingereza kibovu kwa sababu anadhani dunia inasikiliza kwa Kiingereza. Sisi Waswahili wa Uganda tumezoea kuonekana kama wageni nchini mwetu. Kiswahili kilibaki lugha ya kambi za jeshi na ya kuogopwa kwa muda mrefu, japo Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005 na Baraza la Mawaziri likatoa idhini yake tena Julai 2022. Dashibodi haina chuki hizo. Inakuonyesha tu kwamba wimbo wako wenye kiitikio cha Kiswahili umevuka mpaka wa Busia kuingia Kenya na ule mwingine umebaki Mukono, jirani na Kampala.

Sitakaa sana kwenye namba za kununua, ila lazima niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri msanii mmoja alipe watu fulani waliotutafuta kwa WhatsApp, walioahidi maelfu ya wasikilizaji kwa wiki mbili. Wakaja kweli, wote kutoka mji mmoja wa ng'ambo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia, wote wakisikiliza wimbo mmoja tu, hakuna aliyehifadhi. Wiki chache baadaye wimbo uliondolewa. Hela ilikuwa ya mama yake. Tangu 2024 Spotify imeanza kuwatoza faini lebo na wasambazaji, yaani kampuni zinazompandishia msanii nyimbo kwenye majukwaa, kwa kila wimbo unaobainika umechezwa kwa hila za wazi, na msambazaji naye huitafuta kwa msanii. Nilichojifunza ni kwamba hata kama wasingetukamata tungekuwa tumejiharibia, kwa sababu tulikuwa tumechafua hesabu yetu wenyewe. Miezi mingi baadaye hatukuweza kujua nani ni shabiki na nani ni mashine.

Usafi wa hesabu una mambo mengine madogo ambayo hayana mvuto lakini yanaumiza. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC. Ukihama msambazaji ukaupandisha wimbo uleule kwa namba mpya, unaanza upya na historia yako inapasuka vipande viwili. Akaunti ya msanii iwe kwa barua pepe ya msanii. Nimeona meneja akiondoka na nywila, na msanii akabaki hajui hata anasikilizwa wapi. Kujisajili na UPRS, chama cha haki za wasanii kilichoanzishwa mwaka 1985, ni suala lingine, linahusu redio na kumbi zaidi, lakini karatasi za nani ameandika nini ni zilezile.

Sasa lile lisiloonekana kabisa. Boda ya Kasese. Muziki mwingi Uganda bado unatembea kwa kurushiana. Unakwenda kwa kijana mwenye kompyuta ya zamani chini ya mwavuli, unampa memori kadi, anakujazia nyimbo. Unapokea wimbo kwa Bluetooth kwenye harusi. Unausikia kwenye taksi ya Kawempe, kwenye kafunda (kibaa cha mtaani), kwenye saluni. Hakuna hata kimoja kinachopiga kengele kwenye seva. Boomplay, iliyoanza mwaka 2015 na kusambaa kwa sababu ilikuja ndani ya simu za Tecno tangu dukani, na Audiomack, ambayo wengi wanaipenda kwa kupakua bure na kusikiliza bila bando, zinakaribia kidogo maisha halisi ya msikilizaji wetu. Ndiyo maana msanii wa wilayani anayefungua dashibodi ya Spotify peke yake anawasoma wachache walio na hela ya bando la kutosha na kudhani amesoma Uganda.

Kuna vipimo viwili vinavyochungulia huko gizani. Kimoja ni Shazam, ambayo takwimu zake zinaonekana ndani ya Apple Music kwa wasanii. Mtu hatumii Shazam kwa wimbo anaoujua. Anaitumia akiwa ameusikia mahali, baa au kwenye gari, na hajui ni wa nani. Ukiona Shazam ziko juu na wasikilizaji wako chini, maana yake wimbo unapigwa hadharani lakini jina lako halitajwi. Hilo lina dawa: wape madijei kionjo chenye jina lako ndani. Kingine ni miito ya simu. Anayeweka wimbo wako usikike anapopigiwa amelipa kutoka kwenye salio lake, na laini ya simu ina historia ndefu kuliko akaunti ya programu. Dai ripoti ya mwezi kwa anayekusimamia huko, na uulize kama inaweza kutenganishwa kwa maeneo.

Cha tatu ni miguu. Kijana wangu nilimpa daftari la shule la kurasa 48. Nikamwambia aache simu siku tatu, aende kwa wajaza memori wote wa Kasese mjini, Hima, Kilembe, na ateremke mpaka Bwera na Mpondwe mpakani, aulize swali moja tu: watu wanaomba wimbo gani kwa jina, na wanatoka wapi. Alinuna. Alisema yeye ni msanii, hafanyi sensa.

Aliporudi daftari lilikuwa na kitu ambacho dashibodi isingempa kwa miaka kumi. Huko Bwera wimbo wake ulikuwa unaombwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya pili, Kasindi upande wa Kongo, wanaokuja siku za soko. Kikonzo na Kinande cha Beni na Butembo ni ndugu, na kiitikio chake ni cha Kiswahili, ambacho kule Kongo ya mashariki kila mtu anakiongea. Wimbo ulikuwa umevuka mpaka ndani ya mizigo ya nguo na samaki. Wajaza memori wawili walimwambia wanauita "ule wa mama mkwe," maana hawakujua jina lake wala la mwimbaji.

Tulikuwa na hela ya shoo moja. Mpango wake wa awali ulikuwa Kampala, kwa sababu Kampala ndiyo iliyokuwa juu ya orodha. Tulibishana usiku mzima, na nakiri sikuwa na uhakika kama nilivyojifanya. Mwishowe tukakodi ukumbi Bwera, siku ya soko, mchana, ili wa Kasindi wawahi kurudi kabla mpaka haujafungwa.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Ubeti wa pili hakuuimba yeye, aliwashikia maikrofoni tu. Baadaye mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa akaja nyuma ya jukwaa akitaka nyimbo nyingine zote alizonazo, akatoa simu ya vitufe, na kijana akahangaika nusu saa kutafuta mtu mwenye waya wa kumhamishia.

Wiki ile dashibodi iliongeza wasikilizaji kumi na mmoja. Wote iliwaandika Kampala.